Jina Katika Wimbo wa Tatu

Jirani yangu Sylvanus ni fundi wa mashine za fotokopi. Ukimwona asubuhi akitoka hapa Kimandolu na begi lake la bisibisi, vidole vyeusi kwa wino usiotoka hata kwa sabuni ya unga, huwezi kudhani kwamba jioni mtu huyohuyo anabishana na nusu ya nchi kuhusu albamu ya bongofleva. Mimi nashona nguo, cherehani yangu iko barazani, na mlango wake unatazamana na wangu. Kwa hiyo nayajua mengi ambayo hakuniambia, na yale aliyoniambia nayajua mara mbili, maana Silva akishikwa na jambo halisemi mara moja.

Alikuwa mhariri wa ensaiklopedia ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuandika na mtu yeyote anaweza kurekebisha. Halipwi hata senti. Niliwahi kumwambia kwamba huo ni ujinga, akacheka.

"Dada Anande, na wewe unaimba kwaya. Nani anakulipa?"

Sikuridhika.

Ukurasa alioupenda kuliko yote ulihusu albamu iitwayo Baridi ya Julai, ya kijana mmoja wa hapa Arusha anayejiita Filo. Nyimbo za mapenzi, za kawaida tu, lakini hapakuwa na harusi mwaka ule ambayo haikuzipiga. Katika wimbo wa tatu kuna sauti ya mwanamke kwenye kiitikio. Kabla hajaanza kuimba anavuta pumzi, na pumzi ile imebaki humo, aliyerekodi hakuikata. Jina lake halikuandikwa popote.

Silva alilijua. Alikuwa Naipanoi, binti wa Kiarusha kutoka juu ya Ngaramtoni, aliyekuja mjini kusomea uhazili na akaimba nasi sauti ya pili katika kwaya ya usharika. Alirekodi kiitikio kile, na kabla albamu haijatoka akaugua homa ya uti wa mgongo, akafa. Silva alikuwa anampenda. Nasema wazi kwa sababu yeye hakusema. Alimbebea vitabu vya nyimbo, akamsindikiza stendi, na kinywa kikabaki kimefungwa kama duka siku ya Jumapili. Nilimkasirikia sana kwa hilo, na sijamaliza kumkasirikia. Msichana alikuwa anasubiri. Kwaya nzima tuliona.

Basi, alichoshindwa kumwambia aliamua kumwandikia. Aliongeza sentensi moja kwenye ukurasa: kiitikio cha wimbo wa tatu kimeimbwa na Naipanoi Yiamat. Alitaka jina hilo likae mahali ambapo dunia nzima italiona na halitapotea. Hakutaka kingine.

Kesho yake jina halikuwepo. Sentensi ilikuwepo, nukta ilikuwepo, ila pale penye jina palibaki nafasi tupu. Akalirudisha. Likafutwa tena. Aliyefuta hakuwa na akaunti, kwa hiyo mahali pa kumtambulisha ilionekana namba ndefu tu. Hakutukana, hakugusa neno jingine lolote, wala ile nafasi hakuiziba. Silva alinionyesha nikiwa napinda sketi ya mtu.

"Wahuni huharibu kila kitu," alisema. "Huyu anamtoa yeye tu, halafu anafunga mlango taratibu."

Aliamua kwamba ni watu wa Filo, hawataki kugawana sifa na marehemu. Akaingia kwenye ukurasa wa majadiliano, ambako wahariri huvutana. Huko alikutana na Violet, mwalimu wa Moshi ambaye hawajawahi kuonana uso kwa uso. Violet ni mkali wa vyanzo. Kama jambo halijachapishwa mahali, kwake halijatokea. Alimwambia Silva kwamba kumbukumbu za kwaya si chanzo. Silva akahangaika kwenye magazeti ya zamani mpaka akapata mahojiano ambamo Filo mwenyewe alimtaja Naipanoi kwa majina yake yote mawili. Alipoyapeleka, alinisomea kwa sauti alichoandika, akijiona wakili kabisa: "Jina lililothibitishwa haliondolewi kwa sababu tu linamuudhi mtu fulani. Anayetaka liondoke alete chanzo, asilete hisia."

Violet akakubali. Wengine wakakubali. Msimamizi akaufunga ukurasa ili wasio na akaunti wasiuguse. Siku hiyo Silva alininunulia mishikaki na soda, na alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba.

Hazikupita siku nyingi, ile namba ndefu ikaandika kwenye majadiliano kwa mara ya kwanza. "Aliyeandika jina hili naomba aje nyumbani. Mimi ni baba yake." Chini yake kulikuwa na namba ya simu.

Silva alikaa kwenye ngazi yangu na simu mkononi. Hatimaye akaniomba nimsindikize, kwani mwanamume haendi peke yake kwa watu kwa habari za binti yao. Nikavaa kitenge changu kizuri, nikawa dada yake.

Mzee Yiamat alitupokea vizuri. Ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, ana ng'ombe wachache na shamba la mahindi linalopanda kuelekea mlimani. Alituketisha nje, kwenye viti vya plastiki, akauliza habari za safari na za mvua za huko mjini. Mkewe akatoka na birika la chai ya maziwa. Silva akasimama, akapokea kikombe kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mama Naipanoi."

Sisi wa Uchagani ndivyo tunavyoheshimu. Mama anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza, awe hai au awe kaburini, na kuliacha jina lake ni kama kumkana. Hata mimi ningesema hivyohivyo. Lakini yule mama hakuitikia. Aliweka birika chini, akageuka, akaenda moja kwa moja getini. Akatoa komeo, akafungua, akasimama akiitazama barabara ya vumbi. Hapakuwa na mtu barabarani.

Mzee alifumba macho kidogo.

"Kwetu aliyekufa hatajwi," alisema. "Mchungaji anasema ni mambo ya zamani, na mimi mwenyewe nimefundisha sayansi. Lakini hatumtaji. Mke wangu sasa ni Mama Lesian, kwa jina la mtoto wetu wa pili. Tulilizika lile jina ili apumzike, na sisi tupumzike."

"Baba, sikujua," Silva alisema.

"Najua hukujua. Alikuja ndugu yetu hapa, akaiuliza simu yake habari za zile nyimbo. Simu ikasoma kwa sauti. Sauti ya kike. Ikamtaja. Mama yake alikuwa anakamua. Akaitika, akamwacha ng'ombe, akaenda getini kumpokea. Tangu siku hiyo kila jioni anafungua, mimi nafunga, anafungua. Anasema mtoto anaitwa, na mtoto akiitwa huja."

"Na anakuja?" niliuliza. Sijui nini kilinituma.

Mzee alitazama getini.

"Mimi sijamwona. Ila ng'ombe hugeuza vichwa."

Akatoa simu yake, kioo kimepasuka pembeni. "Nilijifundisha kufuta. Sasa nimekuta pamefungwa."

Silva alilia palepale, mbele ya wenye nyumba, chai ikipoa mkononi. Aliahidi kwamba jina litaondoka, kwa kuwa yeye ndiye aliyeliweka. Nilimwamini. Mzee naye alimwamini, na Silva mwenyewe alijiamini.

Alilifuta tulipofika tu mjini. Violet akalirudisha. Silva akaeleza kila kitu, geti na mama na maziwa yaliyoachwa, akaomba kama mtu anayeomba maji. Violet alimpa pole, na naamini ilitoka moyoni, kisha akamnukulia maneno yake mwenyewe: anayetaka liondoke alete chanzo, asilete hisia. Wengine wakaja, wapole wote, wakasema hawawezi kufuta kwa sababu ya habari za nyumbani zisizothibitika. Silva akafuta tena, wakarudisha tena, msimamizi akamwonya kwamba akaunti yake itafungiwa. Tena haikuwa ukurasa ule tu. Tovuti za mashairi ya nyimbo zilikwishalinakili jina hilo, na vijana wakiziuliza simu zao, simu zinajibu. Nilichukia nikatamani nipande basi la Moshi nikamtafute yule mwalimu. Ningemwambia nini? Hakukosea kanuni hata moja.

Jumapili baada ya ibada Silva alimpigia mzee. Aliweka sauti ya nje, nadhani aliogopa kuwa peke yake na simu ile.

"Baba, nimeshindwa."

"Nilidhani alichoandika mtu anaweza kukifuta," mzee alisema.

"Hata mimi nilidhani hivyo."

Tukasikia simu ikibadilishwa mikono. Alikuwa mama.

"Ni wewe kijana uliyekuja?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Anakuja," alisema. Hakuwa na hasira. Alizungumza polepole, akitafuta maneno ya Kiswahili. "Anasimama pale nje, haingii. Ananiuliza, mama, nani ananiita? Kila siku ananiuliza hivyo, na mimi sina jibu. Jina lako wewe nani?"

Niliacha cherehani.

"Sylvanus."

"Lote."

"Sylvanus Ebenezer Mosha."

Akalirudia taratibu, mara moja, asije akalikosea. "Na ulikuwa unamwitia nini?"

Silva alinitazama. Nilitamani nimsaidie, lakini swali lilikuwa lake.

"Nilimpenda, mama. Sikumwambia."

"Haya," alisema yule mama. "Nitamwambia."