Mzee Aliyeniomba Nirudishe Ubovu

Miaka kumi na tisa natengeneza redio na amplifaya. Nimeshaletewa mashine yenye panya mfu ndani. Nimeshaletewa iliyomwagiwa chai ya maziwa, na mwenyewe akaapa kuwa hajui imeingiaje.

Lakini sikuwahi kuletewa mashine nzima, inayoimba vizuri kabisa, halafu mwenyewe aniambie: "Fundi, naomba uiharibu."

Msicheke. Mimi nilicheka, na kicheko chenyewe kilinitokea puani.

Ilianza hivi.

Mzee mmoja mrefu, shati kafunga vifungo mpaka shingoni, aliingia dukani kwangu kakumbatia amplifaya ya zamani. Wapenzi wa muziki mnazijua zile. Uso wa alumini, vitufe vikubwa vya kuzungusha, uzito wa kumvunja mtu kiuno.

Toleo lile watu wanalisaka mitandaoni mpaka leo. Wanasifia sauti yake utadhani wanasifia mchumba. Ila uliza ni nani aliyeibuni, uone watakavyonyamaza. Usoni pameandikwa jina la kiwanda, basi.

"Upande wa kushoto hautoi sauti," mzee akasema.

Nikautengeneza. Na kwa kuwa nilishafungua, kiherehere kikanishika.

Toleo lile lina ugonjwa wa kuzaliwa nao: mvumo. Hata muziki ukiwa umezimwa, spika zinatoa "mmmmm" ya chini chini, haikomi. Nikamulika ndani kwa tochi, nikaona waya wa arthi umefungwa kwenye skrubu iliyo karibu mno na transfoma. Nikaufungua, nikauhamishia skrubu ya upande wa pili.

Kazi ya dakika kumi. Mvumo ukafa.

Mzee alipokuja kuichukua, hakutega sikio. Aliweka kiganja juu ya kifuniko, akatulia.

"Masikio yangu yamezeeka," akasema. "Mvumo wake nausikia kwa mkono. Mbona haupo?"

"Nimeuondoa, mzee wangu. Nyongeza yangu hiyo."

"Umefanyaje?"

Nikafungua kifuniko, nikamwonyesha kwa mbwembwe zote. Akaitazama ile skrubu. Akaitazama mpaka mimi nikaanza kuona haya. Kisha akajikalia kwenye kiti cha wateja.

"Waya tu," akasema. "Kumbe waya tu."

Akaibeba mashine yake, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Sijamaliza hata kufagia, huyo hapo.

"Fundi, naomba uiharibu. Urudishe waya pale ulipokuwa."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mzee wangu, watu wanakuja hapa kuponya, wewe unataka ugonjwa?"

"Ningefanya mwenyewe, lakini mikono inatetemeka. Tafadhali, mwanangu. Nina haraka."

Sasa hapa ndipo pa aibu yangu, na nitaisema bila kuipaka sukari.

Mafundi tunajijua. Salamu yetu ni "njoo kesho". Kazi ya dakika kumi tunaifanya ya wiki. Tena nikajisemea moyoni, huyu mzee mtandao umeshakata, akilala ataamka amesahau.

"Niachie hapo. Njoo Ijumaa."

Ijumaa akaja. Mashine iko palepale alipoiweka, juu yake nimetundika koti langu.

"Mzee wangu, kazi zimenielemea. Jumatatu, bila kukosa."

Alilitazama koti. Hakugomba. Wazee wa aina ile wakigomba unapona, wakinyamaza ndiyo balaa.

Jumatatu akaja tena. Safari hii hakusimama mlangoni. Alivuta kiti, akakaa mbele ya meza yangu, magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Zima hiyo redio, nikuambie kitu."

Nikazima.

"Hiyo mashine niliibuni mimi na mwenzangu. Tulikuwa wawili kwenye chumba kimoja, meza mbili zinatazamana. Mimi kiwandani waliniita Kipimo, kwa sababu sikuamini kitu mpaka mita iseme. Yeye wakamwita Sikio. Angeweza kuingia chumbani, akakuambia transfoma ipi imechoka kabla hujawasha taa."

Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likamtoka.

"Mashine zilipoanza kurudishwa kwa sababu ya mvumo, Sikio akasema ni waya wa arthi, tuuhamishe. Mimi nikapima, nikapima, mita ikaniambia waya hauna neno. Nikasema kosa ni la transfoma. Transfoma aliichora yeye. Mkubwa wetu alikuwa anatafuta mtu wa kumtwisha mzigo. Akaniletea ripoti, nikaisaini."

"Wakamfukuza?"

"Jioni hiyohiyo. Alipita na sanduku lake la vifaa, akasimama mezani kwangu, akaniambia, 'Siku moja utauhamisha huo waya.' Ni miaka ishirini na saba. Hatujaonana tena."

Akaigeukia mashine iliyokuwa chini ya koti langu.

"Wiki jana wewe umeuhamisha," akaendelea. "Na nimesikia Sikio ni mgonjwa, hatoki nyumbani. Fundi, nikimpelekea mashine iliyopona, nitakuwa nimempelekea kazi yako. Nataka nimpelekee ileile iliyomfukuzisha. Ikiwa inavuma. Nimkabidhi bisibisi, auhamishe waya mwenyewe, mimi nimekaa chini namtazama. Kisha nimwambie alikuwa sahihi."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Koti nikalitupa huko. Nikafungua mashine mbele yake, nikarudisha waya kwenye skrubu ya zamani. Sikuangalia saa, ila najua ilikuwa dakika kumi. Spika zikaanza "mmmmm". Mzee akaweka kiganja, akaitikia kwa kichwa.

Nikafunga duka. Mashine nikaibeba mimi.

Nyumba ya Sikio ilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, geti la kijani. Tulipokaribia nikaona vijana wawili wanapanga viti vya plastiki, kimoja juu ya kingine, wanavipakia kwenye mkokoteni.

Mzee akasimama.

Viti vingi vile nyumba ya watu haina. Huazimwa. Na vikiazimwa, ni harusi au ni msiba, na pale hapakuwa na pambo hata moja.

Mwanamke wa makamo akatoka, macho yamevimba, kanga kiunoni. Akatutazama, akaitazama mashine mikononi mwangu. Akashika mdomo.

"Wewe ndiye baba mdogo Kipimo?"

"Ni mimi," mzee akasema.

"Baba ametutoka Jumamosi jioni," akasema binti. "Tumemzika jana."

Nikahesabu siku, hata sikutaka kuhesabu. Jumatano. Ijumaa. Jumamosi.

Mimi na mdomo wangu, nikauliza, "Ijumaa alikuwaje?"

"Ijumaa alikuwa na nafuu kabisa. Aliomba tumkalishe sebuleni. Akaongea mpaka tukadhani amepona."

Nikaiweka ile mashine chini. "Mzee wangu, nisamehe," nikasema. "Ni mimi niliyekuchelewesha."

Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Wewe umechelewa siku tano, mwanangu. Mimi nimechelewa miaka ishirini na saba. Usininyang'anye lawama yangu."

Binti akatukaribisha ndani. Na tulipovuka tu kizingiti cha sebule, niliisikia kabla sijaiona.

"Mmmmm."

Juu ya kabati, amplifaya ya toleo lilelile. Inawaka taa, inavuma. Karibu yake kiti kimoja cha mbao, na mto umebonyea kwa mgongo wa mtu.

Nikashangaa. Yule mtu aliijua dawa ya ule mvumo kuliko mtu yeyote duniani. Kwa nini aishi nao?

Binti akaona ninavyoshangaa.

"Tangu nikiwa shule naishi na sauti hiyo. Nilimwambia baba, si unajua kuitengeneza? Akanijibu, 'Najua. Lakini kazi hiyo ina mwenyewe, atakuja.' Kila mwaka hivyohivyo. Atakuja."

Akafungua droo ya kabati. Akatoa bisibisi fupi, mpini wake wa mbao umeng'aa kwa kushikwa.

"Ijumaa alinipa hii. Akasema, 'Akija, mpe. Auhamishe waya mwenyewe, halafu mpe chai. Simdai kitu.'"

Mzee Kipimo akaipokea kwa mikono miwili. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni, na binti akalia naye.

Alipotulia, nikachomoa umeme wa mashine ya Sikio, nikamwinulia kifuniko. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akanisogeza kwa kiwiko. Vidole vilitetemeka. Skrubu ilimdondoka mara tatu, mara tatu akaiokota. Ile kazi yangu ya dakika kumi ilimchukua karibu saa nzima, na hakuna aliyemharakisha.

Nikarudisha umeme. Taa ikawaka.

Mzee akaweka kiganja juu ya kifuniko, lakini mkono ulitetemeka mno, ukamdanganya. Akatugeukia, mtu wa mita, anaomba sikio la kuazima.

"Umekoma?"

Binti alisikiliza. Nyumba yote ilikuwa kimya, mpaka tukasikia mkokoteni wa viti unavyokwenda barabarani.

"Umekoma, baba mdogo," akasema. Kisha akajifunika uso kwa kanga. "Nilikuwa nauchukia. Sasa nyumba imekuwa tupu."

Mzee hakuichukua tena ile mashine yake. Iko dukani kwangu, rafu ya juu, na inavuma. Wateja wananiambia, "Fundi gani wewe, yako mwenyewe imekushinda?" Nawajibu kuwa hiyo haitengenezwi.

Kazi ya dakika kumi siku hizi naifanya mteja akiwa amesimama. "Njoo kesho" nimeifuta mdomoni.

Na wewe unayesoma hapa, ukiisikia amplifaya ya zamani inaimba vizuri, kumbuka kuna watu waliibuni kwenye meza mbili zinazotazamana, wakazeeka bila kutajwa.

Na kama una samahani ya mtu, usisubiri mpaka inyooke. Ipeleke hivyohivyo inavyovuma. Ila ipeleke leo, kabla viti havijaazimwa.