Mke wa Mfalme na Kikombe cha Mizizi

Mizizi ya uzazi ambayo mama mkwe alinibebea kutoka Kigoma ilinyang'anywa uwanja wa ndege wa Sydney. Nilimshukuru Mungu mapema mno. Wiki haikuisha, mama akapata mingine katika duka la Waafrika kule Blacktown.

Mchana alishinda sebuleni kwetu Penrith akitazama tamthilia ya Korea ya kale, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Jioni nikirudi kutoka kazi yangu ya kutunza wazee, alinisimulia habari za mke wa mfalme. Maskini huyo hakuruhusiwa kuvuka geti la kasri. Kila asubuhi alimwinamia mama wa mfalme, kisha akanywa dawa chungu, maana hakuwa amezaa, na wakubwa walishamtafutia mfalme mke mdogo. Nilimsikiliza nikijua fika ninasemwa mimi. Mimi nami kila asubuhi nilipiga goti, nikatoa shikamoo, nikapokea marahaba na kikombe. Afadhali mimi nilikuwa na treni ya kwenda kazini.

Tulikuwa na miaka sita ya ndoa bila mtoto. Majibu ya daktari tulikuwa nayo, na tatizo halikuwa kwangu. Mume wangu aliniomba nisimwambie mama yake, nikakubali, kwa upendo au kwa ujinga. Sasa mama alishaanza kumtajia binti wa jirani kule nyumbani, mcha Mungu, mwenye afya. Niliogopa kuachwa, na nilikasirika kwamba naogopa.

Jumamosi moja mchana tulitazama sehemu ya mwisho sote watatu. Mke wa mfalme alivuliwa taji, akatolewa kwa geti la nyuma. Mama alilia ndani ya khanga. Nililia pia, kwa sababu zangu. Mume wangu alikuwa anakula karanga.

"Wamemwonea," mama alisema. Akamgeukia mwanawe. "Hivi huyo mfalme naye, walimpima?"

Mume wangu alichukua rimoti akaongeza sauti, ingawa yalikuwa yanapita majina ya waigizaji tu. Mama alimtazama mpaka majina yakaisha, wala hakuuliza tena.

Jumatatu nilipiga goti kama kawaida, nikaitikiwa. Mezani palikuwa na vikombe viwili. Niliponyoosha mkono, mama akanizuia.

"Wewe wahi treni, mwanangu," alisema. "Vyote viwili ni vya mfalme."