Nguruwe Niliyemkalia kwa Ajili ya Picha

Jamani, haya ni ya aibu, na nayasimulia mwenyewe kabla hamjayasikia kijijini Chala, maana huko wanaongeza chumvi. Nilikuwa askari wa wanyamapori mgeni kabisa, nimetoka Sumbawanga na mwenzangu Deo, tumeitwa hukohuko Chala kwa Mama Kapele, mjane ambaye nguruwe pori alikuwa anamalizia mahindi yake, na hana shamba lingine la kulishia wanawe.

Wanakijiji wamejaa pembeni, wengine (nilisikia) wananong'ona, "Huyu dada ataweza kweli?" Basi nguruwe akachomoza, nikafyatua mara moja, akadondoka palepale, akalalia tumbo kama gunia. Wakanipigia makofi.

Deo akasema, "Dada, mwongeze risasi ya pili, huyu si wa kumwamini."

Mimi, kichwa kilivyokuwa kimevimba, nikamjibu, "Ya nini? Shika bunduki, nipige picha." Nikaenda nikamkalia mgongoni kama kigoda, nikaichekea simu.

Kumbe risasi ilipita juu kidogo ya uti wa mgongo, haikuuvunja, ila mshtuko wake ndio uliomzimisha, kama mtu aliyepigwa ngumi ya kisogo akazirai, na aliyezirai huzinduka. Nikasikia kiti kinapumua. Kabla sijasema lolote nguruwe kasimama na mimi juu yake, tukakatiza katikati ya mahindi (nimeshika masikio, sijui nilitegemea nini), mpaka akanibwaga kwenye tope la mfereji, kofia huku, buti kule, na watu wote wamekimbilia juu ya kichuguu. Deo alisubiri nguruwe awe mbali na mimi na watu, ndipo akapiga, na safari hii akafa kweli.

Nikainuka natiririka tope, natamani uhamisho siku hiyohiyo. Mama Kapele akaja, akanifuta uso kwa khanga yake huku anacheka mpaka machozi.

"Pole, mwanangu. Wewe umeanguka, lakini mahindi yangu yamesimama. Njoo ule."

Nikala ugali wa ulezi pale na wanawe, na hadi leo nikipita Chala lazima niingie kwake, na wale walionong'ona sasa wakisumbuliwa na nguruwe wananiita mimi kwa jina. Ila mnyama akianguka nasubiri, nazunguka kwa nyuma, namgusa jicho kwa kijiti kirefu, na asipopepesa ndipo namsogelea. Na picha napiga nimesimama.