Kalisti Alipompa Askari Pole

Jina lake la ubatizo ni Cathal, na kwao Clare, Ireland, hutamkwa Kahal. Elieth alipoliona limeandikwa aliuliza zile herufi nyingine zinakula bure kwa kazi gani, akaamua kumwita Kalisti. Kijana akaitika. Tangu hapo Watanzania wote wa Laurel, mji wa Maryland, Marekani, wakamjua Kalisti, yule Mzungu mwembamba aliyepanga besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, kwa Elieth.

Mchana alipaka nyumba rangi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye haling, mchezo wa kwao, ambao watu wazima na akili zao hukimbizana uwanjani na fimbo bapa wakigombea kampira kagumu ka ngozi. Elieth, mzaliwa wa Tukuyu, alipoziona zile fimbo alidhani ni miko ya kusongea ugali wa harusi. Haling haimlipi mtu hata senti. Bingwa wa Jumapili huamkia kazini Jumatatu. Heshima yote ni kuvaa jezi ya kaunti yako. Kalisti aliivaa akiwa bado kinda, akavimba kichwa, akategea mazoezi, wakamwacha. Ndiyo maana kiangazi cha mwaka 2006 kilimkuta Maryland, akicheza ligi ya Wairish wa huku kwa bidii ya mtu aliyekwisha kujutia. Kocha wa nyumbani alimpigia simu: nafasi ipo, rudi Agosti, ila usije ukafungiwa, maana adhabu ya Marekani itakufuata mpaka huku.

Sasa tuje kwa Elieth, ambaye kwake ndiko kijana alikojifunza neno lililotaka kumwangamiza.

Elieth alilea wazee katika nyumba moja ya kutunzia wagonjwa, na miaka yote aliyokaa Marekani ulimi wake haukuacha pole. Mwenzake akidondosha sinia, Elieth husema "sorry". Mtu akijikwaa ngazini, "sorry". Msimamizi wake alimuuliza siku moja, "Kwani umemfanya nini?" Hakuwa amemfanya kitu. Alikuwa anampa pole, basi, ila Kiingereza cha Marekani hakina pa kuiweka.

Kisha mama yake akafariki Tukuyu, na makaratasi ya Elieth hayakumruhusu kusafiri kwenda kuzika. Kazini walimpa kadi yenye maua, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Jioni Kalisti akapanda kutoka besimenti, kavaa shati safi, akamshika mkono kwa mikono miwili na kusema maneno wanayoambiana kwao kwenye msiba: "Sorry for your trouble." Pole kwa yaliyokufika! Elieth alilia kilio alichokuwa amekibana tangu simu ilipoingia. Kalisti hakukimbia, aliketi, akanywa chai, akaendelea kuketi kama waombolezaji wanavyoketi. Elieth alimshukuru Mungu kwa kumletea mtoto wa watu mwenye utu kiasi kile, na tangu siku ile Kalisti alikula mezani juu na kuokota Kiswahili pamoja na maharage.

Mdomo huponza kichwa. Mwezi Julai, mpira ukiwa hewani, mchezaji wa timu pinzani aitwaye Askari aliinua mkono kuudaka, Kalisti akazungusha fimbo, na fimbo ikatua kwenye kidole gumba. Kikavunjika. Askari alikuwa Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni College Park, na haling akaijulia kazini kwa Wairish. Kalisti alitupa fimbo akapiga magoti. "Sorry! Sorry sana, ndugu yangu! Sorry!"

Wachezaji wakatazamana. Katika haling mtu akiumia wanamwinua, mchezo unaendelea. Anayelia sorry mbele ya watu wote ana lake moyoni. Kocha wa akina Askari akapeleka mashtaka: kijana amevunja mtu makusudi, na amekiri kwa mdomo wake. Adhabu ya kosa hilo ni kufungiwa mwaka mzima.

Kamati ya ligi ilikaa mjini Columbia, katika chumba cha juu cha baa. Kalisti aliulizwa kama alisema sorry. Akajibu kwamba alisema. Mara ngapi? Nyingi. Mwenyekiti, mzee wa Kiirish, akatikisa kichwa kwa huzuni, na Kalisti akaanza kuiaga jezi ya Clare kimoyomoyo.

Elieth, ambaye hakuna aliyemwalika, akasimama nyuma.

"Mheshimiwa, kwenu mtu akifiwa mnamwambia nini?"

Mzee akashangaa, lakini adabu ikamjibia. "Sorry for your trouble."

"Na wewe unayesema hivyo, ndiye uliyemuua marehemu?"

Chumba kilicheka, hata kocha aliyeshtaki. Elieth hakucheka. Akawaeleza kwamba kijana huyu anakula kwake, na kwake mtu akiumia hupewa pole, awe amekosewa au amejikwaa mwenyewe. Asiyesema pole ndiye wa kutiliwa shaka.

Askari alimtazama. "Ngoja, Mama. Kumbe alikuwa ananipa pole? I thought ana-confess!"

"Alikuwa anakupa pole, mwanangu. Na mimi nakupa. Pole sana."

Askari alikitazama kidole chake kilichofungwa plasta, akamtazama Kalisti aliyekuwa hana rangi usoni, akasimama wima.

"Nimeshapoa," akasema.

Mwenyekiti akamgeukia Elieth apate tafsiri. Elieth akafungua mdomo, machozi yakatangulia. Ikabidi Kalisti mwenyewe atafsiri: anasema yamekwisha, hana kinyongo. Shauri likafungwa hapo.

Agosti Kalisti akarudi Clare. Kiangazi kilichofuata aliivaa jezi ya kaunti, na misimu mitatu hakukosa zoezi hata moja, mpaka goti lilipomstaafisha. Siku ya mechi yake ya kwanza simu ililia Laurel. Alikuwa mama yake Kalisti, na Kiingereza chake cha kijijini kilimpa Elieth taabu, lakini neno moja alilipata barabara: mama yule alikuwa anamshukuru kwa kumlelea mwanawe.

"Mimi ndiye wa kushukuru, dada," Elieth akamjibu. "Mama yangu alipofariki, mtu aliyekaa nami matanga alikuwa huyu mtoto wako."