Kuosha Flashi ya Mwalimu

Mwisho wa Januari 2008 nilikuwa mfungwa katika duka la kompyuta mjini Nakuru, ingawa hakuna aliyenifunga. Barabara ya kwenda kwetu Dundori haikupitika kwa ghasia za baada ya uchaguzi, na bosi wangu, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Nakuru hii hii, aliniambia nilale kwenye stoo ya nyumba yao juu ya duka mpaka mambo yatulie. Mchana tulifungua mlango wa mbao, lakini geti la chuma lilibaki na kufuli, na ufunguo ulikaa mfukoni mwake. Wateja wachache waliothubutu kutoka niliwahudumia kupitia vyuma. Nilikula chapati na dengu za mke wa bosi, nikashukuru kila mara, na nikachukia kila ukuta wa nyumba ile.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na cheti cha kompyuta, nikajiona daktari. Wakati ule karibu kila flashi mjini ilikuwa na virusi. Mwaka uliotangulia virusi vilikuwa vimeua mashine mbili za bosi, akaweka sheria: flashi ya mteja ikiingia, ioshwe kwanza. Kuosha, kwa lugha yetu ya dukani, ni kuipitishia programu ya kinga, na hiyo ikishindwa, kuifomati flashi nzima ibaki tupu kama ilivyotoka kiwandani. Maduka yote mtaani yalifanya hivyo, na hakuna aliyeona ujinga wowote ndani yake.

Siku ya tano akaja mwalimu mstaafu ambaye mitihani yake ya majaribio nilikuwa nimeichapa miaka miwili. Alikuwa amevaa koti la mtu mwingine. Nyumba yao ilikuwa imechomwa, na katika kukimbia akapotezana na mkewe. Sasa alikuwa akilala kambini kwenye uwanja wa maonyesho, na alitaka picha ya mkewe ichapwe aizungushe makanisani na kwenye kambi nyingine. Akavua flashi aliyoitundika shingoni, akanipitishia kati ya vyuma.

"Iko kwa folda ya Picha," akasema. "Ya harusi ya binti yetu. Hiyo tu ndio imebaki."

Nikachomeka. Zikatokea folda tatu: Mitihani, Barua, Picha. Ningebofya mara mbili, kazi ikaisha, lakini nilikuwa nimeshaumwa. Nikafungua maelezo ya ile ya Picha kwanza. Mahali pa kuandikwa folda paliandikwa programu. Nikatazama nyingine mbili. Zote programu, na zote ukubwa ule ule, hata baiti moja haikuzidi. Mitihani ya miaka mingi na picha za harusi haviwezi kulingana hivyo. Hapo nilikuwa sahihi, na naomba nihesabiwe hilo. Kilichokuwa mbele yangu kilikuwa programu iliyojivika sura ya folda, ikingoja mjinga aifungue.

Nikaipitishia kinga. Kinga yetu haikuwa imeongezwa nguvu tangu kabla ya Krismasi kwa sababu laini ya intaneti ilikuwa imekufa. Ikasema kila kitu kiko salama. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hiyo file unaijua?" akauliza.

"Siijui. Lakini mashine inasema iko safi."

"Kama huijui usifungue. Hizi mashine ndio zinatulisha sisi wote hapa."

Nikazifuta zile tatu. Flashi ikawa haina kitu, lakini nilipotazama nafasi yake, ilionyesha karibu nusu imejaa. Ningetulia dakika mbili tu nikajiuliza flashi tupu imejazwa na nini. Badala yake nikaamua kwamba virusi vyenyewe ndivyo vimejibanza mle. Mwalimu alikuwa ananitazama kati ya vyuma, bosi ananipumulia kisogoni, na sikuwa na pa kusogea. Nikafomati.

"Pole, mwalimu," nikasema. "Virusi vimekula picha zote."

"Si kosa lako, msichana wangu," akasema, akaivaa tena flashi yake.

Kesho yake alikuja tukiwa ndio tunafungua mlango, uso umechangamka.

"Kumbe hazikuliwa," akasema. "Kuna mtu wa kompyuta huko kambini amenieleza. Hii virusi inaficha folda, halafu inaweka ya uongo mahali pake. Picha ziko ndani tu. Ni kuambia mashine izionyeshe."

Akanipa karatasi yenye amri ya mstari mmoja, kwa mwandiko safi wa ubaoni. Ndipo nikaelewa ile nusu iliyojaa ilikuwa nini.

Ningemwambia pale pale. Sikumwambia. Niliandika ile amri nikijua kabisa haitaleta kitu. Mashine ikajibu kwamba hakuna faili.

"Rudia," akasema kwa sauti ya darasani. "Labda umeruka kitu."

Nikarudia. Akataka nimsomee alama moja moja, naye akifuata kwa kidole kwenye karatasi. Nikamsomea. Bosi alikuwa amepanda juu kunywa chai, hakukuwa na mteja mwingine, na hata simu haikulia. Sijawahi kutamani kuitwa kama siku hiyo. Mara ya tatu vidole vikagoma.

"Mwalimu, picha zilikuwamo jana. Mimi ndiye nilizifuta. Nilifomati flashi."

"Jana uliniambia ni virusi."

"Nilidhani ni virusi. Lakini sikukuuliza kwanza."

"Hukuniuliza," akasema.

Akashika vyuma, akatazama chini. Nilingoja anitukane, na kusema kweli nilitaka anitukane, maana matusi yangefika mahali yakaisha. Akaikunja ile karatasi ya amri, akaitia mfukoni.

"Basi andika," akasema. "Andika anatafutwa."

Nikafungua ukurasa mpya. Akanitajia jina, umri, gauni la kijani, sweta ya kijivu. Nikamuuliza urefu, kwa kuwa matangazo ya namna hiyo huwa na urefu. Akafikiri. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na sita, na hakuwahi kumpima. Akainua mkono, akaulaza kiganja hewani karibu na bega lake, akautuliza hapo.

"Ananifikia hapa," akasema.

Nikaandika: anamfikia mumewe begani.