Kidole Nilichokipasua kwa Kisu cha Ngamia

Siku ninayoikumbuka zaidi katika miaka ile ya tisini, mwanangu, si ile niliyorudi Garissa kutoka Khartoum na stashahada ya afya ya mifugo. Ni siku niliyokaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yangu, nikavua kiatu cha kulia, nikachukua kisu changu cha kupasulia majipu ya ngamia, nikajipasua mwenyewe.

Kwanza ujue nilikuwa nani. Baba alikufa mapema, hakuniachia hata mbuzi. Nilijisomesha kwa kubeba magunia, na stashahada ile sikupewa kwa jina la mtu. Kati ya Ijara na Mandera, waliosoma kama mimi ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mimi ningekuwa gumba. Sijisifu, nasema ilivyokuwa. Karatasi bado iko ukutani, nenda ukaione.

Kila boma nilipoingia nilichinjiwa. Maini na figo ni za mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima nilikuwa mimi. Jongo lilikuwa limenianza tangu masomoni Sudan: kidole gumba cha mguu kinawaka moto siku tatu, kisha kinatulia. Nikameza vidonge vya maumivu, nikaendelea kula. Miaka kumi ikapita hivyo. Kikaota kinundu kigumu kama kokwa ya tende, nami nikanunua viatu vipana ili watu wasikione. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini methali hiyo nilidhani ni ya wasiosoma.

Ikawa nimeteuliwa kusimamia chanjo ya ngamia kule Mandera, na asubuhi moja karibu na safari kiatu kikakataa kuingia. Nikasema hili ni jipu, na majipu nimepasua mamia. Nikakata. Hakukutoka usaha, mwanangu. Kilitoka kitu cheupe, kama chaki iliyolowa. Nikakikamua, nikafunga kitambaa, nikajipongeza. Siku ya nne mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo, na kidonda kinanuka.

Abti Dahir, kaka wa mama yangu, mfugaji asiyejua kuandika hata jina lake, alisikia akaja kutoka Ijara. Wazee wetu huchoma kwa chuma cha moto kiungo kinachouma, basi nilidhani amekuja na chuma chake, nikajiandaa kumdharau. Hakuja na chuma. Alikitazama kidonda kwa muda mrefu, akauliza kilitoka nini, nikamwambia.

"Mwaka jana ulitukusanya wachungaji," akasema, "ukatukataza kukata uvimbe wa ngamia kabla ya kuingiza sindano na kujua ndani mna nini. Mimi na mvi zangu nilikutii. Wewe sindano yako ilikuwa wapi?"

Nikavuta kitambaa kukifunika kidonda.

"Ngamia wangu wana daktari, abti. Wewe daktari wako ni nani?" Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo, abti kwa abti, lakini siku hiyo neno hilo liliniuma kuliko kidole. Mganga hajigangi.

Alinipeleka hospitali mwenyewe, nikiegemea bega lake. Daktari wa mifupa, mtu wa bara, alituonyesha picha ya eksirei. Kiungo kilikuwa kimeliwa kama mti ulioingiwa na mchwa. Alieleza kwamba taka ya damu, ile inayoongezwa na maini na figo, ilikuwa imeganda humo kama chumvi, ndio ule weupe. Kwanza kidonda kisafishwe kila siku, kwa sababu uozo ukizama mfupani, mguu utakatwa. Kikipona, atapasua upya kwa utaratibu, akwangue chumvi yote, aondoe kiungo kilichoharibika, aunganishe mifupa miwili kwa waya hadi iwe mmoja. Kidole hakitapinda tena maishani, lakini kitanibeba bila maumivu.

Abti akamkatiza kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Daktari, mguu yake itabaki ama itaenda?"

"Akitulia, utabaki," daktari akasema. "Akijitibu tena, utaenda."

Nikaamua utabaki. Mandera alikwenda mtu mwingine, tena niliyemzidi masomo, nikanyamaza. Kila asubuhi nilijikokota kwa magongo kwenda kusafishwa kidonda, sikukosa hata siku moja. Jamaa wakiniletea maini, nayagawa. Siku ya kupasuliwa nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni, nikasikia chuma kikikwaruza mfupa wangu bila kuuma, nikisoma dua zote nilizojua. Kabla ya kuniruhusu, daktari aliniambia kisu kimeondoa kilichoharibika tu, ugonjwa bado ni wangu. Dawa ya kupunguza ile taka ninaimeza hadi leo.

Nilipoacha magongo, nilikwenda Ijara kuwafundisha wachungaji habari za chanjo. Kabla sijafungua mdomo, Abti akasema mbele ya wote, "Vua kiatu."

Nikavua. Kijana mmoja akasema kidole hicho kimesimama kama askari kwenye gwaride, wakacheka, nami nikacheka. Nikawasimulia yote, hata kile kisu. Ndipo mzee mmoja nyuma, ambaye hakuwa amecheka, akavua kandambili yake polepole. Kinundu kilikuwa pale pale, na makovu ya chuma cha moto yamekizunguka. Juma lile lile nilimpeleka Garissa mwenyewe.

Mwanangu, kiungo kikivimba, sema kingali kidogo. Usikikate, usikichome, wala usikifiche ndani ya kiatu kizuri. Ukipewa dawa ya kila siku, imeze hata siku usiyoumwa. Na elimu yako, ambayo nakuombea iizidi yangu ikiwezekana, isikuzibe masikio: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami langu lilibaki kwa kusikia siku ya mwisho.

Mwenyezi Mungu akupe miguu ya kukufikisha uendako, na asikunyime mtu wa kukuuliza sindano yako iko wapi.