Suti Iliyonikaa Tena

Miaka thelathini nashona, na bado wanaume wananiudhi. Suti wanayo moja tu: wanaivaa siku ya harusi, kisha wanasubiri kuvalishwa siku ya kuzikwa. Wakishaota kitambi, haifungi tena. Ndipo ndugu wa marehemu huniletea niipasue mgongoni, imwenee.

Ila wapo watatu ambao suti zao ziliwakaa tena wakiwa hai. Walikuja dukani wakijisifu mbele ya kioo. Hakuna aliyemaliza mwezi.

Asubuhi ya leo mke wangu ametoa suti yangu ya harusi sandukuni.

"Hebu ijaribu, baba watoto."

Nikacheka, nikavuta tumbo ndani. Kifungo kikaingia chenyewe.

"Umependeza kama siku ile!" akashangilia.

"Usiirudishe sandukuni," nikamwambia.